Bahasha Iliyopanda Ndege na Treni

"Sasa yangu, mbona haikulowa?"

Mama Mwavita aliniuliza hivyo uani kwake, kule Katuba, bahasha yake ikiwa juu ya goti moja na bahasha ya duka letu juu ya goti la pili. Ya kwetu wino wake ulikuwa umetawanyika kama chai iliyomwagikia kitambaa. Ya kwake ilisomeka herufi kwa herufi. Zote mbili zilikuwa zimetoka katika ndege moja, safari moja, siku moja. Nilikuwa na shahada ya historia, nilikuwa na kioo cha kukuzia mfukoni, na sikuwa na jibu.

Wadogo zangu, mmeniomba niwaandikie juu ya kazi niliyoiacha. Nimecheka. Mstaafu wa miaka thelathini na minne! Lakini ni kweli: duka limefungwa, leo nafundisha historia, na mikono yangu bado inageuza kila bahasha kuangalia mgongo wake, hata zile za mwaliko wa harusi. Basi nitasema ninayoyakumbuka, bila mpangilio, nanyi mtapanga wenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Zamani, kampuni ya ndege ilipofungua njia mpya, posta ilichonga muhuri maalumu kwa barua zitakazopanda ile ndege ya kwanza. Watu wa Ulaya na wa hapa walijiandikia bahasha, mara nyingi tupu kabisa, ili tu zisafiri na kurudi na mihuri. Bahasha hizo zinatafutwa na wakusanyaji dunia nzima. Mji wetu wa Lubumbashi, tangu ukiitwa Élisabethville, ulikuwa mwisho wa njia nyingi, kwa hiyo zilibaki huku, kwenye masanduku ya wazee na chini ya magodoro. Papa Amisi, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, alikuwa amepanga barua posta kwa miaka mingi kabla ya kufungua kiduka chake mjini, ubavuni mwa fundi saa. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Aliniita Mama Licence, yaani mama wa shahada, na hakuwa akinisifu.

Wiki yangu ya kwanza nilitaka kumfurahisha. Nilikuta boksi la bahasha za zamani, nikaona stempu nzuri zimegandana na karatasi chafu. Nikajaza beseni maji ya vuguvugu, nikazilowesha zote, nikabandua stempu moja moja kwa uangalifu wa daktari, nikazianika juu ya gazeti. Karatasi nikatupa. Papa Amisi alirudi kutoka kuswali adhuhuri, akasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Mama Licence," alisema polepole, "ng'ombe umemuchinja ju ya kupata mukia?"

Stempu peke yake haina safari. Muhuri nusu uko juu ya stempu, nusu juu ya karatasi. Ukivitenganisha, umemkata shahidi ulimi. Sikufukuzwa. Niliamriwa nikae na lile rundo la stempu kwenye meza yangu mwaka mzima, ndani ya glasi, kama maua.

Mengine nilijifunza kwa shida ndogo zaidi. Usipige pasi bahasha. Usitumie utepe wa kunata, hata kama imechanika mpaka katikati. Mikono mikavu iliyooshwa inatosha, glavu zinakufanya uwe mzito wa vidole. Bahasha isikae mkabala na dirisha, kwa sababu jua la Lubumbashi wakati wa kiangazi linakula wino wa zambarau kwanza, halafu mwekundu. Ukitaka kuandika neno, andika kwa penseli laini, mgongoni, pembeni, kidogo. Penseli, narudia. Nitaeleza kwa nini nalirudia.

Na uanze na mgongo. Papa Amisi alikuwa akinipokonya bahasha niliyoishika uso juu.

"Kumbele banaandika kwenye barua inapenda kwenda," alisema. "Kunyuma njo banaandika kwenye ilifika kweli." Mbele ni inakotaka kwenda, mgongoni ndiko ilikofika.

Nilimbishia, maana nilimbishia kila kitu. Nilimuuliza kwa nini tuamini muhuri wa posta wakati karani anaweza kukosea tarehe. Nilimuuliza kama barua iliyotoka hapa kwa treni, ikavuka mpaka kwenda kusini, ikapanda ndege ya Waingereza kuelekea Ulaya, ina haki ya kuitwa barua ya ndege. Alinijibu maswali mengine, mengine akaniachia. Alinieleza kwamba marubani wa kwanza hawakuwa na chombo cha kuwaonyesha njia: walifuata mto Lualaba, na mto ulipowaacha wakafuata reli, chini chini, wakihesabu stesheni. Mvua ikiziba, walitafuta uwanda wowote wenye majani mafupi wakashuka. Nilisikia yote hayo, nikaandika kwenye daftari, na siku nilipoyahitaji sikuyakumbuka hata moja.

Ilikuwa msimu wa mvua, asubuhi. Papa Amisi alikuwa Likasi kwenye msiba. Aliingia Mama Mwavita, mama mnene wa miaka sabini hivi, kitenge cha kijani, mwavuli unaotiririka.

"Papa Amisi iko?"

"Haiko, mama. Alienda ku Likasi, ku kilio."

"Weye njo ule mutoto wa licence?"

"Ni miye."

"Bon. Angalia."

Alitoa kwenye kifua chake mfuko wa plastiki, ndani yake kitambaa, ndani yake bahasha. Mbele ilikuwa na stempu, muhuri wa ndege ya kwanza ya njia ile, na anwani kwa mkono mzuri: Bwana fulani wa Kizungu, mekanika, isubiri kuchukuliwa posta ya Élisabethville. Nitamwita Firmin, jina lake la kwanza. Jina la ukoo jamaa zake hawapendi niliandike.

"Ilikuwa ya baba, alikuwa mupagazi," alisema. "Alikufa mi nikiwa mudogo. Kwetu banamuitaka Papa Avion, Papa wa ndege, banacheka. Ju alikuwa anasema: pale ndege ilishindwa, miguu yangu iliweza. Ni ile tu alisema, na ile enveloppe. Batoto ba yaya yangu, ule kaka mukubwa, banasema tuko bajukuu ba muongo. Nikabaambia: ninaenda mu ville, kule iko bantu benye kujua. Kama ni ya kweli, mutanyamaza. Kama ni bongo, uongo mutupu, nitaichoma, na jina ya baba sitaitaja tena mu ile nyumba."

Mnaona? Alinieleza kila kitu. Aliniwekea mezani jina la baba yake.

Niligeuza mgongo, kama nilivyofundishwa. Pale palikuwa na muhuri wa posta ya Bukama, na chini yake wa Élisabethville. Nilitabasamu. Bukama ni mahali ambapo mashua za mtoni zilikutana na treni. Ndege ile haikupangiwa kutua Bukama, na niliijua ratiba yake kwa moyo.

"Mama," nilisema, "ndege haipandake treni. Hii mihuri haijuane. Mutu aliitengeneza."

Dukani bahasha ya uongo tuliitia herufi F, ya faux, mgongoni, ndogo, kwa penseli, ili isichanganyike na nyingine. Penseli haikuwa karibu. Nilichukua bic, kalamu ya wino. F ya buluu, safi, imenyooka. Nakumbuka hata raha niliyosikia mkononi.

Mama Mwavita aliitazama ile herufi.

"Uyo muongo," aliuliza, "alipenda apate nini?"

"Banatengenezaka ju ya kuuzisha, mama."

"Baba hakuuzisha. Hakuonyesha mutu. Ilikaa mu sanduku na makaratasi ya kazi. Sasa muongo alipenda apate nini?"

"Sijue, mama. Lakini ni faux."

Akakunja: bahasha, kitambaa, plastiki, kifua. Akafungua mwavuli wake akiwa bado ndani ya duka, kitu ambacho kwetu hakifanywi, akatoka.

Papa Amisi alirudi siku ya tatu. Nilimhadithia nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi anayetetea tasnifu. Yeye alikuwa akikoroga chai. Nilipofika kwenye Bukama, kijiko kilisimama.

"Sema tena. Kunyuma ilikuwa nini?"

"Bukama, Papa. Halafu hapa."

Aliinama akavuta droo ya chini kabisa, ile tuliyoiita hospitali, ambamo alitupia bahasha zilizoungua, zilizoliwa na mchwa, zisizo na uso wa kuonyeshwa mteja. Sikuwahi kuipekua, nani anapekua wagonjwa? Akatoa moja iliyovimba, wino wake umekuwa ukungu wa buluu. Muhuri wa ndege ya kwanza, njia ileile. Akaigeuza. Bukama.

"Ile ndege haikufika," alisema. "Mvua iliishusha mu maji, kabla ya kufika Bukama. Mizigo ikatoka kwa mutumbwi na kwa miguu, ikakamata treni. Barua za ile safari ni kidogo sana, na zote nilizoona ni sawa hii, zilioga." Aliniwekea bahasha mbele. "Mama Licence. Mutu wa faux anatengenezaka kitu yenye mununuzi anapenda. Nani anapenda Bukama? Mimi peke yangu njo ninapenda Bukama!"

Nilitafuta kiti. Swali la yule mama lilirudi lote, neno kwa neno. Mwongo alitaka apate nini? Hakuna mghushi anayeongeza muhuri wa kuharibu kazi yake mwenyewe. Ningejiuliza hivyo, ningepata jibu kwa dakika moja. Nilidhani mimi ni mtu wa kutilia shaka kila kitu, kumbe shaka yangu mwenyewe sikuwahi kuitilia shaka.

"Iko wapi ile enveloppe?"

"Alisema akipata ni bongo, ataichoma."

Sikuwahi kumwona Papa Amisi akikimbia. Alivaa viatu bila soksi, akatia ile bahasha iliyovimba mfukoni, akamkabidhi fundi saa funguo, tukapanda moto mbili, pikipiki za abiria, yeye mbele. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba msamaha, na kila moto ilipopita shimo yakamwagika.

Tulipofika Katuba kwa Mama Mwavita, nyumba ambayo Papa Amisi aliijua, moshi ulikuwa unapanda juu ya ukuta wa ua.

Papa Amisi alibisha. Mimi sikubisha, niliingia. Mama Mwavita alikuwa ameinamia mbabula, jiko la makaa, anapepea kwa kifuniko cha ndoo. Sufuria ya maharage ilikuwa pembeni ikisubiri moto ukolee. Kwenye mdomo wa jiko niliona majivu ya karatasi, mepesi, yanacheza.

"Mama, enveloppe..."

"Enveloppe gani?"

"Ile ya baba yako."

"Ile faux?" Aliendelea kupepea. "Weye njo ulisema faux, uliandika na bic. Sasa ulikuja kuangalia majivu? Iko ile. Hesabu."

Nadhani nilisema "Mungu wangu" kwa lugha tatu. Papa Amisi alivua kofia.

Ndipo yule mama alipokaa wima, akanitazama, na tumbo lake likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Ile ni karatasi ya sukari, mutoto. Keti, usianguke mu maharage yangu."

"Haukuichoma?"

"Nilikuuliza swali, haukujibu. Mi sichomake kitu ya mutu kabla swali ijibiwe."

Niliketi chini, kwenye udongo, na licence yangu yote. Wadogo zangu, nimefaulu mitihani, nimepona malaria mbili mbaya, lakini kushukuru kwa namna ile, kwa mwili mzima, sikuwahi tena. Papa Amisi naye alikuwa anapangusa macho, akidai ni moshi. Mama Mwavita alituletea viti na maji, akaenda ndani, akarudi na mfuko wa plastiki.

Ndipo bahasha mbili zikakaa magotini mwake. Papa Amisi alimweleza yote: ndege kushindwa, maji, Bukama, treni. Alisema ya kwake ni ya kweli kama jua. Mama Mwavita alisikiliza, akachungulia ya kwetu iliyovimba, akachungulia ya kwake, na akauliza lile swali la mwanzo. Mbona yangu haikulowa?

Wakati huo akaingia Shabani, mtoto wa kaka yake, mwanamume mzima mwenye karakana ya kuchomelea milango pale mtaa wa Kenya, hapahapa mjini. Alisikia nusu, akaelewa haraka.

"Kumbe ni ya kweli?"

"Ya kweli," alisema Papa Amisi.

"Basi aliiba." Alikuwa akitania, lakini utani wa aina ile huwa na mfupa ndani. "Jina ya muzungu iko pale mbele, mekanika. Muzungu anapatia mupagazi barua yake? Shangazi, bora ingekuwa bongo. Muongo ni afadhali kuliko mwizi."

Mama Mwavita aliichukua bahasha yake kutoka gotini akaishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amezeeka. Tulikuwa tumemwondolea baba yake jina moja, tukamletea lingine.

Papa Amisi aliandika cheti palepale, kwa mkono. Alithibitisha stempu, mihuri, njia, na treni kutoka Bukama. Aliandika pia: *Mgongoni kuna herufi F ya bic, ya juzi, iliyowekwa na msaidizi wangu aliyekuwa na haraka.* Na mwishoni: *Sababu ya bahasha hii kutolowa haijulikani. Jinsi ilivyomfikia baba wa mwenyewe haijulikani.*

Nilimnong'oneza aongeze neno la kumtetea mzee wa watu.

"Siandikake kitu yenye sikuona," alisema. "Weye uliandika, tuliona."

Kazi iliendelea miaka mingine kadhaa, ikibadilika. Nilipoanza, tuliandikiana na wanunuzi na jibu lilichukua wiki. Baadaye mteja alikuwa anakutumia picha kwa simu na kutaka jibu kabla chai haijapoa. Tulipata taa ndogo ya mwanga wa zambarau inayofanya karatasi mpya ing'ae. Inasaidia, lakini haijui Bukama. Mihuri ya uongo nayo imekuwa mizuri. Siku hizi ukiona muhuri uliokaa katikati kabisa, mweusi sawasawa pande zote, uogope, kwa sababu karani wa kweli alikuwa amechoka. Sheria yangu ya mwisho niliiandika kwa penseli kwenye jalada la daftari: kabla hujasema ni uongo, sema mwongo alitaka apate nini.

Papa Amisi alifunga duka macho yalipoanza kumkataa. Yuko Kalemie kwa binti yake, ananipigia simu kila Ijumaa baada ya swala kuniuliza kama bado nabisha. Ile bahasha iliyovimba alinipa mimi. Kabla ya kufunga nilikuwa nimeweka picha zake na za bahasha ya Mama Mwavita, mbele na mgongo, F yangu pia, kwenye ukurasa wa wakusanyaji mtandaoni, anwani zake zikiwa zimeandikwa chini, na swali moja: nani anajua kwa nini moja ililowa na nyingine haikulowa? Hakuna aliyejua. Walijadili wino, walijadili karatasi, wawili wakatukanana. Nikasahau.

Mwaka jana aliniandikia mama mmoja wa Ubelgiji. Hakuwa mkusanyaji. Alikuwa amelitafuta jina la babu yake tu, likamleta kwenye picha ya bahasha yenye mwandiko wa babu. Alinitumia picha ya kurasa nne ambazo Firmin, mekanika wa ile ndege, alimwandikia mama yake baada ya kufika Élisabethville.

Nilikwenda nazo Katuba. Mama Mwavita sasa haoni vizuri, akaniambia nisome kwa sauti, na nimwite Shabani kwanza. Shabani alikuja na miwani yake ya kuchomelea kichwani. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi, polepole, nikirudia kila mahali ambapo sikuwa na uhakika, na nilipomaliza Shabani alitoka nje, akakaa huko kitambo. Aliporudi hakusema Papa Avion. Alisema, "Babu."

Firmin aliandika kwamba magunia ya barua yalikuwa mawili. La kwanza waliliweka kwenye mtumbwi, na mtumbwi ukapinduka. La pili lilichukuliwa na kijana mmoja mpagazi mwenye kofia nyeupe, lugha yake Firmin hakuielewa, aliyeutazama mtumbwi ule ukipinduka na kukataa kulitia gunia lake kwenye mwingine. Alitembea nalo mpaka Bukama, siku mbili, kisha wakapanda treni pamoja. Posta ya Élisabethville ilipomkabidhi Firmin bahasha aliyojiandikia mwenyewe, ikiwa kavu, hakutaka kurudi nayo Ulaya. Alimpa yule kijana, na Firmin akamwandikia mama yake kwamba ilikuwa haki. Gunia lilikaa kichwani, limefungwa kwa turubai ya injini, na mahali pengine maji yalimfika kijana shingoni.